Mtoto kateguka kifundo, mama anaumwa magoti: nianze wapi?

Bi Makorora aliandika:

Habari za jioni wenzangu. Nipo Tanga mjini, Makorora, na nyumbani kwangu nina wagonjwa wawili wa viungo kwa wakati mmoja. Naomba ushauri.

Wa kwanza ni mwanangu wa kiume, ana miaka 14. Jana jioni walikuwa wanacheza mpira, akaruka kupiga kichwa, aliposhuka akatua juu ya mguu wa mwenzake na kifundo kikapindia ndani. Aliletwa nyumbani ameshikiliwa huku na huku. Upande wa nje wa kifundo pamevimba, na leo asubuhi nimeona weusi unashuka kuelekea kisigino. Vidole anavichezesha vizuri. Nikimuuliza kama anaweza kukanyaga anasema "naweza kidogo", ila nikimtazama naona anagusa chini kwa ncha za vidole na kuunyanyua mguu upesi.

Wa pili ni mama yangu mzazi, ana miaka 66. Magoti yote mawili yanamsumbua, la kulia zaidi. Akitaka kuinuka kwenye mkeka lazima ashike ukuta. Asubuhi yanakuwa magumu kwa dakika chache, akianza kutembea yanalegea, lakini ikifika alasiri maumivu yamerudi. Akikunja goti linalia. Ana presha na anameza dawa za presha kila siku. Kwa maumivu hununua diklofenaki duka la dawa, na siku yakizidi anaongeza brufeni.

Jirani anasema mtoto nimpeleke Ngamiani kwa bibi anayechua viungo, amkande kwa maji ya moto na chumvi kisha auvute mguu urudi mahali pake. Shemeji yangu anasema eksirei. Baba yao yuko safari, kwa hiyo uamuzi ni wangu. Je, kila anayeteguka ni lazima apigwe picha? Na mama ameambiwa mafuta ya magoti yamekwisha, siku hizi kila asubuhi anakunywa maji ya bamia. Ni kweli yanasaidia?

---

Kijana wa Pongwe alijibu:

Pole dada. Kuteguka ni kawaida ya wacheza mpira, mpe barafu na apumzike, wiki moja tu atarudi uwanjani. Mimi mguu wangu wa kushoto nimeuteguka mara nyingi mno mpaka umezoea. Siku hizi hata nikikanyaga kokoto unapinda na kurudi wenyewe, naendelea na safari.

---

Mzee wa Sahare alijibu:

Binti yangu, pole sana, na umpe pole mama. Mimi ni mstaafu. Kazi yangu ilikuwa ya mazoezi tiba hospitalini, humu humu mkoani Tanga, na hakuna jeraha nililolishika mara nyingi kuliko kifundo cha mguu cha namna ya mwanao. Nitaanza na yeye kwa sababu ndiye mwenye haraka. Ya mama ni ya muda mrefu, nitayarudia.

Kwanza kabisa, asikandwe na asivutwe. Kiungo kikiwa bado kibichi, ndani kuna mishipa midogo ya damu iliyokatika. Maji ya moto yanaifungua zaidi, damu inazidi kuvuja na uvimbe unakua. Na kama kuna ufa kwenye mfupa uliokuwa umetulia, kuvuta kunaweza kuusogeza. Kwenye kiwiko ni hatari zaidi: kiwiko kibichi kikikandwa kwa nguvu, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli na mkono usikunjike tena. Nimepokea watoto wasioweza kufikisha tonge mdomoni, na siku walipoumia walihitaji hogo, yaani plasta ngumu ya kutuliza mfupa, la wiki chache tu. Jambo hili linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naliweka mwanzo.

Sasa eksirei. Si kila aliyeteguka anahitaji picha, na jambo hili lina kanuni yake. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa vipimo vya mkono ambavyo leo vinatumika nchi nyingi. Hata wewe unaweza kuvifanya jioni hii. Mkalishe mahali penye mwanga. Kwa kidole gumba bonyeza taratibu mfupa wa kifundo cha nje, ukingo wake wa nyuma, kuanzia ncha ya chini ukipanda kiasi cha sentimita 6. Fanya vivyo hivyo kifundo cha ndani. Kisha fuata ukingo wa nje wa mguu: katikati ya kisigino na kidole kidogo utakuta kinundu cha mfupa, kibonyeze. Malizia upande wa ndani, juu ya uvungu wa wayo, mbele kidogo ya kifundo. Ukibonyeza mfupa wenyewe mahali popote kati ya hapo akashtuka kwa maumivu, apigwe picha. Na kama hakuweza kutembea hatua nne alipoumia na hata sasa hawezi, apigwe picha. Kuchechemea kunahesabika kuwa ni kutembea, mradi uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Kwa mwanao naongeza jambo moja. Miaka 14 mifupa bado inakua. Karibu na ncha ya kila mfupa mrefu kuna bamba la gegedu, kitu laini kuliko mfupa, ndilo linalourefusha mfupa, na bamba hilo ni dhaifu kuliko ligamenti, yaani kamba zinazoshika mfupa kwa mfupa, zinazolizunguka. Kishindo ambacho kingemkatia mtu mzima ligamenti, kwa mtoto kinaweza kulipasua bamba. Tena huko kugusa kwa ncha za vidole na kunyanyua upesi sikuhesabu kuwa ni hatua. Kwa maelezo yako mimi ningempeleka hospitali ya Bombo kesho asubuhi bila kungoja.

Usiku huu alale mguu ukiwa juu ya mito, uzidi usawa wa kifua. Nunua barafu hapo mtaani, ivunje, ifunge kwenye kipande cha khanga, iweke dakika 15 mpaka 20 halafu iondoe. Rudia akiamka au maumivu yakipanda. Isiguse ngozi moja kwa moja, inaunguza. Barafu inapunguza maumivu, ligamenti haiponyi, kwa hiyo usikeshe nayo. Mfunge krepu bandeji kuanzia karibu na vidole ukipanda mpaka juu ya kifundo, isibane: bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka uwe mweupe, ukiuachia rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, legeza. Kwa maumivu panadol inatosha, kwa kipimo cha umri na uzito wake.

Ikionekana mfupa ni mzima, basi ni ligamenti. Ligamenti inashika mfupa kwa mfupa kama amari, kamba ya nanga, inavyoshika jahazi: zikikatika nyuzi chache bado inashika, ikikatika nusu inalegea, ikikatika yote chombo hakina kinachokizuia. Ya kwanza hupona kwa wiki moja au mbili, ya katikati huchukua wiki tatu mpaka sita, ya mwisho huweza kufika miezi mitatu. Ni wachache sana wanaohitaji kupasuliwa. Lakini wote watatu wanahitaji kitu kimoja ambacho watu hawakifanyi, nacho ni kuurudisha mguu kazini hatua kwa hatua.

Kijana wa Pongwe, mwanangu, umesema mguu wako umezoea. Haujazoea. Mguu unaopinda kwa kokoto ni mguu ambao ligamenti zake zimepona zikiwa zimelegea, na misuli ya pembeni imesahau kushtuka kwa wakati. Kila ukipinda, gegedu la ndani linachubuka kidogo. Usiuache hivyo, tutauzungumza.

---

Mwana Pangani alijibu:

Shikamoo mzee, nakuheshimu. Ila tusiwatupe wazee wetu. Baba yangu ni mkwezi wa minazi. Alianguka, akavunjika mkono hapa chini ya kiwiko. Tulimpeleka hospitali moja, tukakaa benchi kutwa, mwisho tukaambiwa mashine ya picha ni mbovu, turudi siku nyingine. Nauli ya mgonjwa na wa kumshika, kwenda na kurudi kila siku, nani anailipa? Tukamrudisha kijijini, mzee mmoja akamfunga vibanzi vya mianzi na dawa ya majani. Mkono umeunga na minazi anakwea mpaka leo. Sasa kosa la yule mzee ni lipi?

---

Mzee wa Sahare alijibu:

Marahaba mwanangu. Sina ugomvi na mzee aliyemfunga baba, na hayo ya benchi na mashine mbovu ni maumivu ya kweli, nimeyaona nikiwa upande wa pili wa dirisha. Mtu aliyetoka mbali na mfupa uliovunjika asingepaswa kuambiwa rudi kesho bila hata kufungwa gango, yaani kibao cha kuutuliza mfupa.

Nikueleze namna mfupa unavyopona. Dawa ya majani hailiungi fupa, na hogo letu pia haliliungi. Mfupa unajiunga wenyewe. Damu inaganda pale ulipovunjika, baada ya wiki mbili tatu unakuwa uji mgumu wa gegedu, halafu unaingia chokaa na kukomaa. Mkono wa mtu mzima unahitaji wiki 6 mpaka 12 kwa kutegemea ni mfupa gani, muundi wa mguu miezi mitatu minne na wakati mwingine zaidi, watoto wanawahi. Kazi ya anayefunga, awe daktari au mzee wa kijijini, ni mbili: kuhakikisha ncha zimekaa sambamba, na kuzituliza. Mzee wa kijijini kwenye kutuliza anaweza kufaulu. Kwenye kupanga sambamba anapapasa tu, haoni. Muulize baba kama anaweza kuegemeza kiwiko ubavuni kisha akageuza kiganja kitazame juu, mtu anavyopokea chenji. Akiweza sawa na mkono wa pili, mshukuru Mungu. Mifupa miwili ya hapo ikiunga imepinda, mgeuko huo ndio unaopotea kwanza.

Ninachokiogopa ni kubana. Mkono uliovunjika utavimba baada ya kufungwa, hauna namna. Vibanzi vilivyokazwa sawasawa asubuhi, usiku vimekuwa pingu. Damu inashindwa kuingia kwenye msuli, na msuli usiopata damu huanza kufa ndani ya saa chache. Niliwahi kumshughulikia mtoto aliyefungwa hivyo, watu wake wakidhani analia kwa sababu ya mfupa, wakamvumilisha. Alipofika vidole vilikuwa vimeshakuwa baridi na vyeusi, na kiganja hakikuokoka. Mwenye mtoto yeyote aliyefungwa, kwa mianzi au kwa hogo la hospitali, ashike dalili hizi: maumivu yanayopanda badala ya kushuka, yasiyosikia dawa, maumivu makali ukimnyoosha vidole wewe kwa mkono wako, ganzi, vidole kuvimba na kushindwa kucheza. Usisubiri weusi, ukifika weusi umechelewa. Mianzi ifunguliwe hapo hapo. Hogo ukimbilie likapasuliwe, hata saa nane usiku, na ukiambiwa usubiri asubuhi usikubali, kaa mlangoni.

Na mfupa ukiwa umetoboa ngozi, au kuna kidonda juu ya ulipovunjika, hapo hakuna mzee wa kijijini. Ufunikwe kitambaa safi, ufungwe gango, uende hospitali siku hiyo hiyo ukasafishwe, upate antibiotiki na chanjo ya pepopunda. Dawa ya majani ikiingia humo inapeleka usaha mpaka ndani ya mfupa, na usaha wa mfupa ni kesi ya miaka.

Mengine ya kukimbia nayo: bega au nyonga iliyochomoka isivutwe na watu wa mtaani, kwapani na nyuma ya nyonga kuna mishipa ya fahamu inayokatika. Mtoto mwenye homa na kiungo kimoja kilichovimba, cha moto, asichotaka kiguswe, huenda ana usaha ndani ya kiungo, ni dharura ya siku hiyo. Na huku kwetu pwani, mtoto wa selimundu akilalamika mfupa au nyonga usiseme ni maumivu yake ya siku zote, apelekwe.

---

Bi Makorora aliandika:

Shikamoo mzee, Mungu akulipe. Nilimbonyeza kama ulivyosema. Pale nyuma ya mfupa wa nje alinishika mkono nisiendelee, basi asubuhi tukaenda Bombo. Wamempiga picha, daktari ameiangalia na kusema mfupa hauna kitu, ila sehemu inayokua ina maumivu kwa hiyo hataki kubahatisha. Amefungwa hogo la nyuma tu, lile la nusu, amepewa magongo, na tarehe ya kurudi kuangaliwa tena. Magongo yenyewe yanampa kwapa maumivu. Na sasa naomba uniambie ya mama, maana leo ameniuliza mwenyewe, "yule mzee wako amesemaje?"

---

Mzee wa Sahare alijibu:

Alhamdulillahi. Daktari huyo amefanya vizuri, ufa wa kwenye bamba mara nyingi hauonekani siku ya kwanza. Magongo ni marefu mno. Akisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo vipite vidole vitatu, na uzito aubebe kwa viganja, si kwa kwapa. Mshipa wa fahamu unapita hapo, ukigandamizwa mkono unakufa ganzi.

Sasa tuje kwa mama, na msomee mwenyewe.

Shikamoo zangu kwake. Goti linalokuwa gumu asubuhi kwa dakika chache, likalegea, likauma jioni baada ya kazi, kwa umri wake, linaelekea ni goti lililosagika, yaani gegedu limechakaa na mfupa na misuli ya pembeni imeathirika pamoja nalo. Baridi yabisi huwa tofauti: ugumu wa asubuhi unapita nusu saa, mara nyingi saa nzima, na hupenda vidole vya mikono yote miwili. Daktari atamkagua athibitishe, mimi nazungumza kwa ulivyonieleza.

Mafuta ya goti hayaishi. Ndani ya goti kuna ute, unatengenezwa na utando wa goti lenyewe kila siku, na goti lililosagika likivimba ute wake unakuwa mwingi kuliko wa goti zima. Mlenda wa bamia unaishia tumboni, unasagwa kama chakula kingine. Bamia ni mboga nzuri, aendelee kula na samaki wake, ila asitegemee ifike gotini. Supu ya kongoro vivyo hivyo.

Linalonitia wasiwasi ni dawa. Diklofenaki na brufeni ni ukoo mmoja. Kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu ya maana, kunaongeza madhara: vidonda vya tumbo, figo, na presha kupanda. Tena zipo dawa za presha ambazo zikikutana na diklofenaki mwilini figo ndizo zinazoumia. Mkusanyie makopo na karatasi zote za dawa anazotumia, uende nazo kwa daktari wake wa presha wiki hii, na umuombe apimwe figo. Wakati huo asiongeze vidonge hivyo. Panadol anaweza, vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 kwa siku, na kwa mtu wa umri wake ni bora viwe chini ya hapo. Ipo pia diklofenaki ya kupaka, jeli. Kwa goti inafanya kazi vizuri na kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, aiulizie kwa daktari huyo huyo. Vile vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa kama dawa ya asili ya viungo asiviguse kabisa. Dawa za namna hiyo katika nchi mbalimbali zimekutwa zimechanganywa na steroidi, ndiyo maana zinaleta nafuu ya ajabu kwa siku mbili, halafu sukari inapanda na uso unavimba.

Tiba yenyewe ya goti ni paja. Msuli wa mbele ya paja ndio unaopokea uzito kabla haujafika gotini, na kwa mtu anayeumwa goti msuli huo hunywea upesi. Mkalishe kwenye kiti cha kulia chakula. Anyooshe mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke kabisa, avute vidole vimtazame yeye, ahesabu mpaka tano, ashushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msogelee uweke kiganja chako juu ya goti, kwenye nyama ya paja: usiposikia inakaza chini ya mkono, bado hajanyoosha, anaiba. Akizoea, aongeze kusimama na kukaa kwenye kiti hicho hicho bila kushika, polepole, hasa wakati wa kukaa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yakibaki mpaka kesho yake, apunguze idadi, asiache. Nafuu haitokei wiki ya kwanza. Watu wengi huiona baada ya wiki sita hivi, na wengi huacha wiki ya pili. Simama naye.

Halafu tazameni kazi za nyumbani. Mbuzi ya kukunia nazi inamkunja goti mpaka mwisho, na pale ndipo gegedu linapobanwa kuliko mahali pote. Ifungeni mbuzi juu ya benchi akune ameketi juu, au akuniwe na wajukuu. Choo kama ni cha kuchuchumaa, tafuta fundi atoboe kiti cha plastiki kiwekwe juu yake. Swala aswali ameketi kwenye kiti, mgonjwa ana ruhusa hiyo. Bakora aishike mkono wa kushoto kwa kuwa goti baya zaidi ni la kulia. Wengi wanaishika upande unaouma, na hapo haibebi kitu. Kwenye ngazi, kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize unaouma. Kama ana uzito wa kupunguza, kila kilo moja anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Nimeona wamama waliopunguza chapati za asubuhi na sukari kwenye chai wakaacha kushika ukuta.

Sindano ya steroidi ndani ya goti inapunguza maumivu kwa wiki kadhaa, si kitu cha kurudiarudia. Goti bandia lipo, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili wanaliweka, lakini huko ni mwisho wa safari na mama hajafika. Ombeni mwelekezwe idara ya mazoezi tiba Bombo, amkague mtu kwa mikono yake.

---

Dereva wa Muheza alijibu:

Mzee samahani, na mimi. Usiku wa kuamkia jana niliamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka sitaki liguse. Sijajikwaa popote. Tulikuwa na sherehe, nyama na bia zilikuwepo.

---

Mzee wa Sahare alijibu:

Dereva, hiyo inafanana sana na jongo, lakini kwa kuwa ni mara ya kwanza nenda ukaonekane na daktari, hasa kama una homa. Damu yako itapimwa asidi ya yuriki, na ujue kipimo hicho huweza kuonyesha kawaida wakati shambulio likiendelea, kwa hiyo kisikupotoshe. Zipo dawa za kutuliza shambulio, mfano kolchisini, na ipo alopurinoli ya kutumia muda mrefu kwa wanaorudiwarudiwa. Usijichagulie mwenyewe dukani. Maji mengi, bia simama, maini, figo na dagaa punguza. Gari usiendeshe na mguu huo, breki inataka mguu usiosita.

---

Kijana wa Pongwe aliandika:

Mzee, shikamoo. Nilikuwa nimeandika kirahisi, kumbe nimejisomea mwenyewe. Mguu wangu bado unaweza kurudi? Mimi nacheza namba mbili, msimu unaanza karibuni.

---

Mzee wa Sahare alijibu:

Marahaba mwanangu. Unaweza, kwa wengi unarudi bila kisu. Ila msimu huu usikimbilie.

Anza hivi. Simama kwa mguu wa kushoto peke yake wakati unapiga mswaki, pembeni ya ukuta. Ukiweza nusu dakika bila kugusa, fumba macho. Utashangaa utakavyoyumba, na huko kuyumba ndiko kunakoufundisha msuli. Ukimudu hapo, simama juu ya mto au godoro lililokunjwa. Pamoja na hayo, kaa chini, funga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mguu wa meza, uingize ukingo wa nje wa wayo, uuvute kwenda nje na kuurudisha polepole, mara kumi na tano, seti tatu. Msuli wa nje ya muundi ndio utakaokuokoa kifundo kikitaka kupinda. Nyanyuka pia kwa ncha za vidole, kwanza miguu yote miwili, baadaye huo mmoja.

Fanya kila siku, wiki sita mpaka nane. Kisha jipime kabla kocha hajakupima: ruka kwa mguu wa kushoto peke yake mara kumi mfululizo, ulinganishe na wa kulia, kimbia ukizunguka mawe mawili kwa umbo la nane, kushoto na kulia, simama ghafla ukigeuka. Ukifanya yote bila maumivu na bila woga, ingia uwanjani, na kwa miezi ya mwanzo vaa kishikio cha kifundo au ufungwe plasta na anayejua kufunga. Ukiona goti au kifundo kinakwama, yaani kinagoma kukunjika kisha kinaachia ghafla, au kinavimba kila baada ya mazoezi, acha na uje Bombo, huenda kuna kipande cha gegedu kinachoelea ndani na mazoezi hayakiondoi.